Ukumbi wa Watu Unataka Nidhamu: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Haya nawaandikia walioshika, au wanaotaka kushika, ukumbi wa sanaa na sinema wa mtaani unaoendeshwa kwa kujitolea, pale ambapo anayekata tiketi, anayewasha projekta, anayefagia na anayechagua filamu wote hawana mshahara. Nimekaa kwenye kumbi za aina hii vya kutosha kujua kinachoziua. Si uhaba wa watazamaji, wala si simu za mkononi. Ni mtu mmoja kushika funguo, fedha na uamuzi kwa pamoja, kisha siku moja anachoka, au anahama, au wenzake wanamchoka yeye. Masharti yote yaliyo hapa chini yana shabaha moja: nyumba isiwe ya mtu.

Anayeona ninakaza sana apite Mji Mkongwe, Unguja. Pale Vuga palikuwa na sinema ya Royal, ikaungua, na mwaka 1955 ikafunguliwa Majestic mahali pake. Kulikuwa na enzi ambapo nakala moja ya filamu iligawiwa kumbi mbili kwa usiku mmoja, na vijana wa baiskeli wakawa wanakimbiza mikanda vichochoroni ili sehemu inayofuata isichelewe. Mji mzima ulizipenda sinema zile. Lakini zilikuwa za wafanyabiashara, na baada ya 1964 nyingine zikawa mikononi mwa serikali. Mtaa ulikuwa mteja tu. Video na televisheni zilipoingia na hesabu zikakataa, milango ikafungwa, majengo mengine yakageuzwa maduka, na waliokuwa wakijaa humo kila Jumapili hawakuwa na kiti mezani pa kusema neno. Ninyi mnataka kuanzisha kitu tofauti. Basi kiwe tofauti kweli.

Funguo zisikae kwa mtu mmoja. Watu watatu, wa nyumba tatu tofauti, kila mmoja na seti yake kamili: mlango wa mbele, chumba cha mitambo, stoo, kufuli la geti. Na funguo za siku hizi si za chuma tu. Namba ya mita ya umeme ya LUKU, neno la siri la barua pepe, laini ya simu iliyosajiliwa kwa ajili ya ukumbi, kurasa za mitandao ya kijamii, yote yaandikwe kwenye karatasi moja, nakala zake mbili zitiwe bahasha mbili, zihifadhiwe na watu wawili. Msiniambie mnaaminiana. Mnayemwamini ndiye atakayelazwa hospitali siku ya tamasha, na mtasimama nje na watazamaji mia mbili mkipiga simu isiyopokelewa.

Andikeni katiba kabla ya kununua projekta. Iseme wazi viongozi wanakaa muda gani, wanachaguliwa na nani, na kikundi kikivunjika vifaa vinakwenda wapi. Kipengele hiki cha mwisho wengi wanakiruka kwa kuona haya, kana kwamba kukitaja ni kutabiri mkosi. Kitajeni. Spika zilizonunuliwa kwa michango ya watu zisije zikaishia kupigia muziki harusini kwa faida ya mwenyekiti wa zamani.

Usimwambie mtu "njoo tu, kazi haikosekani". Ndiyo kauli inayofukuza wajitoleaji wengi kuliko nyingine yoyote. Mtazame binti aliyekuja mara ya kwanza. Amefika saa kumi jioni kama alivyoambiwa. Anakuta vijana wanne wamezunguka kompyuta, wanabishana kuhusu kebo. Anasalimia, wanaitikia bila kuinua macho. Anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, anatoa simu, anairudisha. Saa kumi na moja mtu anampa ufagio bila kumuuliza jina. Hatarudi, na ninyi mtasema vijana wa leo hawana moyo. Kila anayekuja mara ya kwanza apokewe na mtu mmoja aliyepangiwa kazi hiyo, aulizwe jina na anachokiweza, aoneshwe choo kilipo, milango ya dharura ilipo na maji ya kunywa yalipo, kisha apewe zamu yenye mwanzo na mwisho: kukagua tiketi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, halafu yuko huru kuingia kutazama. Saa mbili ikifika, mwachieni.

Lipeni nauli. Kujitolea ni kutoa muda na maarifa. Asitoe na hela ya daladala. Anayeondoka saa nne usiku apewe nauli ya bodaboda, na awepo mtu wa kuhakikisha amefika. Kama sanduku la ukumbi haliwezi kulipa nauli za watu sita, punguzeni maonyesho hadi liweze. Chai na kitu cha kutafuna viwepo kabla ya zamu, na mwenyekiti anywe kikombe kilekile, akaoshe mwenyewe.

Usitumie neno kujitolea kufichia ajira isiyolipwa. Hapa nakaza zaidi, kwa sababu dhuluma hii imezoeleka. Kijana aliyemaliza chuo na hana kazi anaambiwa ajitolee kwanza, "mambo yakikaa sawa tutakuajiri". Anafungua ukumbi kila siku kuanzia asubuhi, anaandika barua za wafadhili, anapokea wageni, mwaka unapita. Huyo si mjitoleaji. Huyo ni mfanyakazi mnayemdai uvumilivu. Kazi inayotakiwa kila siku, kwa saa zilezile, na ambayo isipofanyika ukumbi haufunguki, ni ajira, hata iwe ndogo kiasi gani. Mlinzi wa usiku alipwe. Anayesafisha vyoo kila siku alipwe. Kama fedha inatosha kulipa mtu mmoja tu, aanze kulipwa huyo wa vyoo, mratibu asubiri. Wala msimwahidi mtu yeyote kazi ambayo hamna barua ya kuitolea. Anayemaliza msimu mpeni barua ya utambulisho inayosema alifanya nini hasa, yenye mhuri, bila kumzungusha.

Msimwache mtu hodari akafanya kila kitu. Kila ukumbi unaye: anajua sauti, anajua taa, anajua kuongea na wageni, hachoki. Mnampenda, na mnammaliza. Mwekeeni kikomo cha usiku mbili kwa wiki, na kila zamu yake awe na mwanagenzi pembeni anayeshika vifaa kwa mikono yake, si anayetazama. Akigoma kufundisha kwa sababu "nitafanya haraka mwenyewe", mwondoeni kwenye mitambo mwezi mzima. Kasi yake leo ni gharama yenu kesho.

Fedha ya mlangoni ihesabiwe na watu wawili, papo hapo. Tiketi ziwe na namba, hata kama mmezikata kwa mkono kutoka daftari la mazoezi. Namba ya kwanza na ya mwisho ziandikwe kabla ya mlango kufunguliwa na baada ya kufungwa. Malipo ya simu yaingie kwenye lipa namba ya kikundi. Namba ya mtu binafsi ni marufuku, hata kwa wiki moja, hata kama ya kikundi bado inashughulikiwa. Mwisho wa usiku meza isafishwe, noti zipangwe, mmoja ahesabu kwa sauti, mwingine aandike, wote watie saini. Fedha isitoke kwa jina la kuazima. Kila mwezi hesabu zibandikwe ukutani karibu na mlango, kwa Kiswahili kinachosomeka: tuliingiza kiasi gani, umeme umekula kiasi gani, filamu imelipiwa kiasi gani, kilichobaki ni kiasi gani. Mtazamaji anayesoma karatasi hiyo akisubiri onyesho ndiye atakayechanga mkitaka feni.

Mfadhili asilipe kodi ya nyumba. Anunue projekta, alipie warsha, agharamie tamasha, tutamshukuru mbele ya watu. Lakini kodi, umeme na maji vitoke kwa tiketi, ukodishaji na michango ya wanachama. Mradi wa miaka miwili ukiisha, mnaweza kukosa tamasha. Msikose paa.

Wanaosema watu wetu hawachangi sanaa nawapeleka Kamĩrĩthũ, karibu na Limuru, Kenya. Mwaka 1977 wakulima, vibarua na vijana wa kijiji kile walijenga wenyewe jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu zaidi ya elfu mbili, ili waigize Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Aliyebuni ramani ya ukumbi alikuwa tarishi wa ofisi, akaanza kwa kuupanga chini kwa vijiti vya kiberiti. Mazoezi yalifanyika hadharani, na waliopita njia walisimama, wakasikiliza, wakasahihisha lugha ya wahusika. Mchezo ulipofunguliwa tarehe 2 Oktoba, mtaa ulikuwa unaujua kwa moyo na bado ukaja. Hapo ndipo nchi yoyote inapopaswa kujifunza namna ya kuendesha ukumbi.

Kwa hiyo, msifanye mambo yenu nyuma ya mlango. Mazoezi yawe wazi angalau siku moja kwa wiki. Mkutano wa kupanga ratiba uwe wazi kila mara, tarehe yake ijulikane, na jirani asiye mwanachama aruhusiwe kusema. Sinema ya Cube ya Bristol, Uingereza, imekuwa mikononi mwa wajitoleaji tangu 1998. Star and Shadow ya Newcastle ilipohama, wajitoleaji walilitengeneza jengo jipya kwa mikono yao, na mikutano yake iko wazi kwa anayetaka kuja. Mazingira yao si yetu, fedha zao si zetu, ila mlango wa mkutano kuachwa wazi hakuna gharama.

Vibali vitafutwe mapema, kwa maandishi, na nakala zikae nyumba tatu. Tanzania Bara kuna Bodi ya Filamu na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Zanzibar kuna Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Kenya kuna Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Halafu kuna mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au sheha, au chifu, ambaye anapaswa kujua kabla hajasikia kwa mwingine. Msidhani kibali ni ngao. Mchezo wa Kamĩrĩthũ ulikuwa na kibali, kikafutwa tarehe 16 Novemba 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini siku ya mwisho ya mwaka huohuo, na Machi 1982 askari wenye silaha walikuja kwa malori wakaubomoa ukumbi. Sisemi haya ili muogope kuonesha kazi yenye maneno mazito. Ionesheni. Nasema msimpe anayewatafutia sababu sababu ya bure, kama karatasi iliyopitwa na tarehe.

Usioneshe filamu ambayo hujaruhusiwa na mwenye filamu. Kulipia Netflix nyumbani si ruhusa ya kuonesha watu themanini ukumbini, hata kama hamtozi kiingilio. Vibanda vya video vilitulea wengi, na wale waliotafsiri filamu kwa sauti papo hapo, kama Lufufu, walikuwa wasanii kamili. Lakini msanii wa kwenu anayeuza filamu yake kwa shida anaumia mnapoichukua kwenye fleshi. Mwandikieni. Wengi watakubali malipo madogo, au mgawanyo wa mlangoni, na baadhi watakuja wenyewe kuzungumza na watazamaji, jambo ambalo jumba la sinema la kwenye maduka makubwa haliwezi kuwapa watu wenu. Mkikubaliana mgawanyo, mtumieni fungu lake ndani ya siku saba, pamoja na picha ya hesabu iliyosainiwa. Asikumbushe.

Milango ya dharura haifungwi kwa kufuli watu wakiwa ndani. Haifungwi. Wala kwa mnyororo, wala kwa sababu watoto wa mtaani wanaingia bila tiketi. Tarehe 13 Juni 1997, kwenye sinema ya Uphaar mjini Delhi, moto ulianzia kwenye transfoma, moshi ukapanda ukumbini, na watu 59 wakafa. Viti vilikuwa vimeongezwa hadi vikaziba njia ya kutokea. Kila anayetaka kuongeza safu moja ya viti usiku wa tamasha asomewe habari hiyo. Njia ya katikati iwe pana kiasi cha watu wawili kupita bega kwa bega, milango ifunguke kwa nje, na kabla ya kila onyesho mtu asimame mbele aoneshe kwa mkono pa kutokea. Mitungi ya kuzimia moto ikaguliwe, na wanaojua kuitumia wawe zaidi ya mmoja. Idadi mliyokubaliana ikitimia, mlango unafungwa kwa wanaoingia, awe mheshimiwa, awe shemeji.

Mitambo ijaribiwe saa mbili kabla ya onyesho. Filamu yenyewe, si ya jana. Ichezwe mwanzo, katikati na mwisho, na sauti isikilizwe kutoka safu ya nyuma, kwa sababu fundi aliyekaa karibu na spika hajui anachosikia bibi wa pembeni. Kama projekta yenu ni ya balbu, usiichomoe ukutani onyesho likiisha. Izime kwa kitufe chake, uache feni izunguke hadi inyamaze yenyewe, ndipo uguse waya. Balbu inayokatiwa umeme ikiwa moto inazeeka kabla ya wakati, na bei yake mnaijua. Kwa sababu hiyohiyo betri ya akiba ni ya lazima kwa projekta hata kama hamuwezi kumudu jenereta: umeme ukikatika, inawapa dakika za kuipoza. Umeme ukirudi, msirukie swichi. Subirini utulie.

Ukingo wa chini wa skrini uwe juu ya vichwa vya waliokaa. Sakafu yetu ni tambarare, maandishi ya tafsiri yanakaa chini ya picha, na anayeshindwa kuyasoma amekatiwa nusu ya filamu. Chini ya mabati, mvua ikianza, hakuna spika itakayoshinda. Panga msimu wa masika kwa maonyesho ya picha na warsha. Mapazia mazito na mikeka husaidia kupunguza mwangwi bila gharama kubwa.

Anzeni saa iliyoandikwa. Kama ni saa mbili, ni saa mbili. Mgeni rasmi akichelewa, ataingia gizani kama wengine. Ratiba ipangwe kwa kujua mtaa unaishi vipi: pasipo na swala ya magharibi au isha katikati ya onyesho, na Ramadhani iwe na ratiba yake. Unguja ya zamani ilikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na wanawake ambao wasingetoka usiku walijaa humo. Waulizeni wanawake wa mtaa wenu leo saa gani wanaweza kutoka, na nani atakaa na watoto. Msiwaulize waume zao.

Kamati ya filamu isiwe ya watu wanaofanana. Vijana watatu waliosoma chuo kimoja watawaletea filamu ileile kwa majina tofauti. Awemo fundi cherehani, awemo mwalimu mstaafu, awemo dereva, na kila mmoja awe na usiku wake kwa msimu, asioulizwa sababu. Usitegemee tu filamu zinazoletwa bure na balozi. Tuna zetu. Onesheni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji kwa watu waliosoma riwaya ya Adam Shafi shuleni, mbishane baadaye hadi taa zizimwe. Onesheni Supa Modo ya Likarion Wainaina, ambamo kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu mtoto anayeumwa, kwa wazazi na watoto wakiwa wamekaa pamoja. Tafuteni Arusi ya Mariamu ya 1985, muioneshe kabla ya filamu kuu.

Mtoto asiachwe na mtu mzima mmoja peke yake. Si chumba cha mitambo, si nyuma ya jukwaa, si kwenye gari la kurudi nyumbani. Wawili kila mara. Sharti hili halina "huyu tunamfahamu". Anayelikataa haingii zamu, awe nani katika sanaa. Malalamiko ya mtoto yapokelewe na mtu aliyetajwa ukutani kwa jina, na yapelekwe ustawi wa jamii na polisi. Kamati isijifungie kuyamaliza kifamilia.

Msimpe mgombea ukumbi wakati wa kampeni. Si huyu, si mpinzani wake. Kodi ya siku moja haitoshi kulipia miaka mitano ya kuitwa ukumbi wa chama fulani.

Ugomvi usifanyike kwenye kundi la WhatsApp. Aliyekosewa aseme mkutanoni, mkosaji akiwepo, na mkubwa kwa umri asimzime mdogo kwa shikamoo. Heshima ibaki kwenye maamkizi. Kwenye hoja wote wana sauti moja moja.

Wakija watu sita, onesha. Usiahirishe, usiwaombe radhi kwa uchache wao, usizungumze kwa uchungu juu ya wasiokuja. Waliokuja wamelipa nauli na wameacha mambo yao. Wape picha safi, sauti safi, na mtu wa kuongea nao mwishoni.

Aliyeongoza akimaliza kipindi chake, aondoke kweli. Akabidhi kwa maandishi: orodha ya vifaa na hali zake, mikataba, madeni, majina ya wenye filamu waliowahi kutupa ruhusa, na ahadi ambazo bado hazijatimizwa. Mpya asaini mbele ya mkutano. Kisha aliyetoka akae miezi sita bila kuingia kikao chochote cha kamati. Aje kama mtazamaji, akate tiketi, akae safu anayoipenda. Akiona pazia limefungwa tofauti na alivyokuwa akilifunga, anyamaze.